Taa ya Njano Mlangoni kwa Bibi

Baada ya sala ya adhuhuri, mtaa wetu wa Chamazi hupitiwa na usingizi. Kuku hujilaza kwenye kivuli cha tenki la maji, nguo huning'inia kwenye kamba bila kutikisika, na kikohozi cha mtu wa nyumba ya tatu huja kama kimetoka chini ya maji. Hiyo ndiyo saa ninayopenda kuutazama mstari. Uko kwenye kioo cha simu yangu, rangi ya buluu. Unapanda polepole, unasita, unashuka. Ni pumzi ya Bibi, mama yake baba yangu, aliyelala chumbani kwake, huku mimi nikiwa barabarani kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, mwendo wa kumaliza muhindi mmoja wa kuchoma kutoka nyumbani.

Wakati mwingine nakuta pumzi yangu mwenyewe imeanza kuufuata mstari huo. Mteja ananiita, anarudia.

"We fundi, unalalaga macho wazi?"

Nasema hapana, lakini sina hakika.

Yote yalianza siku Bibi alipoanguka. Mama alikuwa sokoni Temeke anakouza nguo, Baba alikuwa safarini na lori, mimi nilikuwa kibandani. Bibi aliteleza kando ya kitanda akitafuta kandambili kwa mguu, akaangukia nyonga, na akashindwa kunyanyuka. Jirani yetu anayeuza barafu za ubuyu alikuja kumletea ukindu wa kusukia mikeka. Akasimama nje, akapiga hodi. Alipiga tatu, kama tulivyofundishwa wote: ya kwanza ya kumshtua mwenye chumba, ya pili ya kumpa nafasi ajisitiri, ya tatu ya kujua kama unatakiwa. Ukikosa jibu baada ya hapo unaondoka, na huna haki ya kununa. Ng'ambo ya uzio wa mabati, fundi mageti alikuwa anakata chuma kwa grainda. Jirani hakusikia kitu. Akauegesha ukindu mlangoni, akaenda zake kwa adabu.

Mama alimkuta Bibi sakafuni alasiri. Neno la kwanza la Bibi halikuhusu maumivu.

"Mwambieni yule niliitika," alisema. "Zote tatu niliitika. Asije akasema mie nina kiburi."

Mfupa haukuvunjika. Lakini Shangazi, dada yake Baba, alikuja kutoka Ukonga na uamuzi tayari. Bibi angehamia kwake, maana kule kuna msichana wa kazi anayeshinda nyumbani.

"Na huyo msichana anajua kusuka ukili?" Bibi aliuliza.

"Mama, hatusuki mikeka Ukonga. Utapumzika."

"Nipumzike na nani? Na televisheni?"

Shangazi alicheka, akamshika mkono, na hakubadilisha neno. Angemchukua Idi ikiisha. Bibi hakugomba. Alianza tu kubakisha chakula kwenye sahani, na jioni alikaa kwenye mlango wake mdogo wa uani akiutazama ua kama mtu anayehesabiwa siku zake pale. Mlango ule ni wake. Kupitia huo wanawake wenzake humjia na ukindu wao, bila kupita sebuleni kwa watu. Nyumba ya Shangazi ni nzuri, ila chumba alichomwandalia Bibi kinafunguka ndani tu.

Mimi ndiye niliyesema nitatengeneza kitu. Maneno yalitoka kabla sijayapima, na nina woga wa kurudisha maneno. Nilimwambia Shangazi anipe mpaka Idi, nami nitatengeneza chombo kitakachotuambia kama Bibi yuko salama.

"Kamera?" aliuliza Bibi kwa ukali. "Mke mwenzangu, unataka kunitazama nikivua gauni? Hata marehemu mume wetu alikuwa anapiga hodi."

Bibi huniita mke mwenza, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na marehemu mume wetu ni babu yangu, aliyekuwa mchonga vinyago. Basi, kamera haikuwezekana. Ndipo nikafikia rada.

Rada ni jina kubwa. Watu wakilisikia wanafikiria uwanja wa ndege. Yangu ni kipande cha saketi chenye ukubwa wa kiberiti, nilichokinunua Kariakoo kwa muuzaji ambaye mwenyewe alidhani ni cha kufungulia milango ya maduka. Kinatuma mawimbi chumbani na kusubiri yanayorudi. Ukuta unarudisha, kitanda kinarudisha, mkeka unarudisha. Kifua cha mtu pia kinarudisha, na kwa kuwa kinapanda na kushuka, mrudio wake unayumba kidogo. Huko kuyumba ndiko nilikokutafuta. Hakuna picha wala uso, kifua tu kinachosogea kiasi cha unene wa kucha.

Sikusomea haya. Niliyapata vipandevipande kwenye intaneti, video moja leo, kurasa chache kesho, mengi kwa Kiingereza ambacho nakisoma kama mtu anayevuka matope, mguu mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo nina hofu ambayo hainitoki: kwamba siku moja mtu aliyesoma kweli ataniuliza swali dogo, nami nitashindwa, na yote niliyojenga yataonekana kuwa ni kuigiza. Naikabili hofu hiyo kwa usafi. Nilichomea waya za saketi upya kila nilipoona risasi ya kuchomea haing'ai sawasawa. Nilifungua boksi nililoitia saketi na kulifunga tena kwa sababu mfereji wa skrubu moja haukutazama upande wa wenzake. Mama alisema, "Mwanangu, hizo skrubu zinaenda harusini?"

Mwanzo niliweka mstari mmoja wa mpaka, usiobadilika. Kinachoyumba juu ya mstari ni mtu, kilicho chini yake si kitu. Ilikuwa vurugu. Feni ilikuwa mtu. Pazia lilikuwa mtu. Grainda ikianza, uzio mzima wa mabati ulitetemeka, mawimbi yangu yakaupata kupitia dirishani, na chumba cha Bibi kikajaa umati. Nilipopandisha mstari ili kuunyamazisha umati, Bibi naye akapotea humo.

Jibu lilinijia siku moja nikiwa uani naosha vyombo, nusu yangu ikiwa ndotoni kama kawaida ya saa ile. Jirani wa barafu alikuja kwa Bibi. Grainda ilikuwa inalia, naye akapiga hodi kwa sauti ya kugombeza. Alirudi baadaye, mtaa umetulia, akaita hodi laini kiasi kwamba hata kuku hakuinua kichwa. Hakuwaza, sikio lake lilipima kelele na koo likafuata. Nilisimama na sufuria mkononi, maji yakinichuruzika kwenye viwiko. Mstari wangu ulipaswa kufanya hivyohivyo. Usikilize kwanza chumba kina kelele kiasi gani, ndipo ujiweke juu yake kidogo. Grainda ikilia, upande nayo; ikinyamaza, ushuke.

Nilikigawa chumba vipande kulingana na umbali kutoka kwenye boksi, na kila kipande nikakipa kumbukumbu yake ya kelele. Juu ya boksi niliweka taa mbili, na kwenye simu yangu nukta ya rangi ileile: kijani kwa yupo, nyekundu kwa hayupo. Ilifanya kazi vizuri hadi nikaanza kuota mchana kwamba mimi ni mhandisi. Feni ilijulikana kuwa feni. Pazia likasahauliwa. Juu ya zile kelele zilizolainishwa, pumzi ya Bibi ilielea peke yake.

Kisha adhuhuri moja nikaona nukta nyekundu kwenye simu yangu. Niliacha simu ya mteja wazi mezani, matumbo nje, nikakimbia. Nilifika mlangoni nikapiga hodi zote tatu bila kupumua katikati.

"Karibu," ilitoka sauti ndani. "Mbona unazimwaga zote kwa mkupuo, umefukuzwa na mbwa?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, anasuka ukili. Nilikaa chini pale pale.

"Mashine imesema haupo."

"Imesema nimeenda wapi?"

"Imekuzoea, Bibi. Umekaa sehemu moja muda mrefu, unapumua vilevile, mikono inakwenda vilevile. Ikakuhesabu kuwa wewe ni moja ya kelele za chumba."

Alisuka mizunguko kadhaa kabla ya kujibu.

"Mume wetu naye ilikuwa inampataga hiyo," alisema. "Dawa yake nilikuwa naenda kwetu Newala, wiki mbili. Nikirudi ananiona."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha. Hilo nalo niliseme. Bibi alijifanya anatafuta ukindu upande mwingine.

Kosa nililielewa palepale. Nilikuwa nakiuliza kipande cha chumba alichokalia Bibi kuhusu kelele zake, wakati kelele hizo zilikuwa Bibi mwenyewe. Ilinibidi niulize vipande vya kando yake: vile vya mbele na vya nyuma yake, nikiviruka vinavyogusana naye, maana pumzi humwagikia pembeni. Hivyo vikisema kuna utulivu, na chake kinayumba, basi yupo mtu pale, hata kama amekaa tangu asubuhi. Nilirekebisha, na Bibi hakupotea tena. Angeweza kusuka mkeka mzima akionekana.

Ikabaki mvua. Masika yalikuwa yameanza, na paa letu ni bati tupu bila dari. Mvua kubwa ikinyesha, vipande vyote vya chumba huyumba kwa pamoja, mstari unapanda mpaka juu, na pumzi ya mwanamke mzee inabaki chini yake kama kokoto chini ya mto. Nilijaribu kila nilichokijua na nilichokisoma. Asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilikaa na kompyuta yangu mapajani nikichuja na kuchuja tena. Ukweli haukuwa mgumu kuuona. Mvua ilikuwa kubwa kuliko Bibi.

Na mashine ikikosa kumwona, ingewasha nyekundu. Nilimwona Shangazi akilini, akiitazama hiyo nyekundu. Nikaandika amri moja fupi: kelele ikizidi kiasi, shikilia jibu la mwisho. Kama alikuwepo kabla ya mvua, endelea kusema yupo. Nilijiambia mvua haidumu, na Bibi hatoki mvuani. Nilijiambia huko ni kuituliza tu taa. Lakini nilipomaliza nilikaza skrubu za lile boksi kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Shangazi alikuja Idi pili, na biriani kwenye chombo kikubwa na begi tupu limekunjwa kwapani. Baba alikuwa bado safarini, Mama amekwenda kusalimia wagonjwa. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akakaa sebuleni akiielekea taa, niliyoivuta kwa waya kutoka kwenye boksi hadi juu ya pazia la chumba cha Bibi.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nilidhani itakuwa kubwa."

Taa ilikuwa kijani. Bibi alikuwa amejinyoosha kitandani. Shangazi akamwomba atoke. Bibi akatoka akilalamika, taa ikawa nyekundu. Akarudi, ikawa kijani. Shangazi akaziba mdomo kwa mkono kama msichana.

"Mama, rudi tena nje."

"Mie si mbuzi wa maonyesho," sauti ya Bibi ilisema. "Mtazameni huyo huyo feni."

Nilimwona Shangazi akilisukuma begi chini ya kiti kwa kisigino. Nilihisi kama nyumba nzima imeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Tukala, Bibi akarudi chumbani kujinyoosha. Mchana ukafifia, upepo ukaleta harufu ya vumbi lililolowa, na mvua ikatua juu ya bati kwa mara moja, yote.

Mvua ya namna ile haikuachii kuongea. Tulikaa tukitazamana kama watu walio ndani ya chupa moja. Sebule ikawa ya kijivu, na katika kijivu hicho ile taa ya kijani iliwaka bila kupepesa, nzuri kuliko siku zote. Nilikuwa nusu natulia, nusu nazama.

Shangazi akainuka, akasogea kwenye pazia. Nadhani alitaka kujua kama chumbani kunavuja. Niliona mdomo wake ukisema hodi. Akasubiri, akasema kwa nguvu, nikaisikia. Ya tatu alipaza kabisa. Kisha akageuka akaitazama taa, akanitazama mimi.

"Yupo," nilisema.

Angeweza kurudi kukaa. Jibu alikuwa nalo, na adabu ilimruhusu. Lakini alisimama pale, kichwa kimeinama upande, anasikiliza mvua, na nadhani alikuwa anamwona mama yake sakafuni. Akafunua pazia.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na maji yalikuwa yanaingia kwenye mkeka. Shangazi aliweka mkono ukutani.

Hapo Bibi akatokea mlangoni kutoka uani, kanga imemgandama kichwani, amekumbatia mzigo wa ukindu aliokuwa ameuanika juani.

"Mbona mmesimama kama mmeona jini?"

"Mama," Shangazi alisema, "taa inasema umelala."

Wote wawili wakanigeukia. Ilinibidi niseme kwa kupaza sauti. Chini ya bati, kwenye mvua, hakuna kukiri kwa kunong'ona.

"Mvua ikiwa kubwa haisikii chochote. Nimeiambia iendelee kusema yupo."

"Kwa nini?"

"Ili usimchukue."

Shangazi akakaa kitandani. Bibi aliukung'uta ukindu wake, tita baada ya tita, matone yakaturukia usoni, naye hakuonekana kujali.

"Yule jirani hakusikia, akasema sipo," alisema, kwa sauti ya juu lakini bila hasira. "Huyu mke mwenzangu hajasikia, akasema nipo. Kwani nyie mkisema sikusikia mnakatika ulimi?"

Shangazi akanigeukia.

"Inaweza kusema hivyo?"

"Kusema nini, shangazi?"

"Kwamba haisikii."

Nilifungua mdomo nikaona aibu upya, kwa sababu lilikuwa jambo rahisi kuliko yote. Mashine ile kabla ya kumtafuta Bibi hupima kelele. Ukubwa wa kelele ndicho kitu inachokijua kwa uhakika kuliko chochote. Wakati wote ilikuwa inajua ni lini haisikii, na mimi ndiye niliyeiziba mdomo. Sikuwahi kufikiria taa ya tatu. Kwangu mimi mashine inayosema sijui ilikuwa kama karatasi ya mtihani iliyorudishwa nyeupe.

"Inaweza," nilisema.

"Na ikisema haisikii, nani atakwenda kumwangalia?"

Mvua ilipolegea, jirani wa barafu alikuwa amefika uani na sahani ya visheti, hodi yake ikitangulia. Shangazi akamweleza yote pale mlangoni, la kuzoewa, la mvua, na la uongo wangu pia. Jirani alisikiliza akiitazama sakafu ile karibu na kitanda.

"Mie nitakuja," alisema. "Ila tatu zile hazinitoshi tena. Nitapiga mpaka niitikiwe."

"Hiyo si adabu," alisema Shangazi, ingawa taratibu.

Bibi akaweka ukindu chini. Alijifuta mikono kwenye kanga, akakaa vizuri, kama mtu anayeozesha binti.

"Mwenye chumba ni mie, na mie nimeruhusu. Taa ikisema haisikii, pigeni mpaka niitike. Nisipoitika, ingieni. Hata kama navua gauni."

Taa ya njano niliitoa kwenye kiashiria cha bajaji mbovu. Niliifunga nje, juu ya mlango wa uani, mahali ambapo jirani anaiona kutoka kwenye friji lake. Imekaa upande kidogo. Kila siku naona imekaa upande, na sijainyoosha.

Shangazi aliondoka jioni ileile na begi lake. Halikuwa tupu: Bibi alikuwa ametia humo mkeka mpya, akamwambia autandike katika kile chumba cha Ukonga, atakuja kuulalia akija kutembea. "Kutembea," alirudia, ili asikike.

Leo mvua imenikuta kibandani. Mstari wa buluu ulipanda, ukachakaa, ukafutika, na nukta kwenye simu yangu ikageuka njano. Niliweka bisibisi chini nikakaa nikiyatazama maji yakianguka kutoka ukingo wa bati, barabara ikigeuka mto wa chai ya maziwa, watu wakipita na mifuko ya plastiki vichwani kama viumbe wa nchi nyingine.

Kisha jirani akanitumia ujumbe wa sauti. Niliuweka sikioni. Mwanzoni ilikuwa mvua tupu, mvua juu ya bati, pana, isiyo na mwisho. Nilifumba macho nikarudia kusikiliza. Hodi ya jirani ilikuwamo, tena na tena, haihesabiki. Na mbali sana, ndani kabisa ya ile mvua, kuna kitu kilichoyumba tofauti na mvua.

"Karibu," kilisema. "Nimesikia, karibu. Mnanichosha nyie."